Mama Mhoja na Jiwe Linaloitika

Nyuma ya nyumba zetu, kati ya Igoma na Kisesa, kuna kilima cha mawe ambacho zamani kilikuwa makao ya mtemi. Utemi wenyewe ulikuwa mdogo. Wazee hutania kwamba mtemi akikohoa kwenye mpaka wa mashariki, watu wa mpaka wa magharibi walimwambia pole. Lakini vitu alivyoviacha ni vikubwa. Kuna pango ambamo wanawake walijificha na watoto wanyang'anyi wa ng'ombe walipovamia. Kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba wenyewe, na hata leo ukiweka kete unacheza. Kuna mteremko ambao wasichana waliutelezea miaka na miaka mpaka ukang'aa. Na juu kabisa kuna Jiwe Linaloitika, limekaa juu ya mengine matatu. Ukiligonga kwa jiwe dogo linalia kama kengele ya kanisa, na sauti inafika barabara ya Musoma.

Anayewatembeza wageni huko ni jirani yangu Ng'washi, tunayemwita Mama Mhoja kwa jina la bintiye wa kwanza. Hana beji wala kofia ya utalii. Ana kanga mbili, fimbo, na mdomo. Ukifika juu unavua viatu, unasalimia, ndipo unagonga. Mgeni mmoja aliwahi kumuuliza kama watu walichinjwa pale kwa matambiko. Akamjibu, "Hapa watu walikunywa maziwa. Kama unataka damu, nenda buchani." Yule mgeni alirudi mwaka uliofuata na wenzake.

Mumewe alipofariki, shemeji yake Luhaga alisema kilima ni cha ukoo, na ukoo ni yeye. Haikupita muda akaliuza Jiwe Linaloitika livunjwe kokoto. Na kundi la wavunjaji alilolipa kazi lilikuwa la nani? La Machibya, mume wa Mhoja! Mhoja alilia, akamwomba mumewe aikatae kazi ile. Machibya akasema asipovunja yeye atavunja mwingine. Nikisikia mtu anasema hivyo huwa natamani kumpiga kwa mwiko.

Msifikiri Mama Mhoja anaonea kokoto aibu. Watoto wake wote amewalea kwa kuziponda, jua la utosi, nyundo mkononi. Ndiyo maana alipokwenda kwa Luhaga hakwenda kulia.

"Shemeji, mawe Mwanza yamejaa," alimwambia. "Vunja yote. Hilo moja niachie."

"Jiwe ni jiwe tu, shemeji," Luhaga akajibu. "Watu wanataka nyumba."

"Na wewe ni mtu tu. Mbona hatujakuponda?"

Luhaga alicheka, kwa sababu shemeji na shemeji wana utani wao, lakini hakubadili neno. Mwenzangu akarudi nyumbani amenuna. Aliniambia kitu kimoja tu: "Kesho nitakula huko juu."

Asubuhi nilimfuata na ndoo ya maji. Ndiyo, nilikuwa na hasira, na pia sikutaka kusimuliwa. Nilimkuta amekaa juu ya jiwe lenyewe, miguu ameinyoosha, pembeni sufuria ya ugali na bakuli la sato. Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa Wasukuma, mkwe wa kiume hamsogelei mama mkwe. Wakikutana njiani, mwanamume anaacha njia. Kupanda mahali alipokaa haiwezekani, na kumwona akila ni aibu kubwa. Sisi Wajaluo tunayo yetu yanayofanana na hayo, kwa hiyo nilianza kucheka mapema.

Wavunjaji wakaja. Kuvunja mwamba huku kwetu ni kwa moto: unapanga matairi na magogo juu yake, unawasha, ukipasuka unaleta nyundo. Machibya alikuwa mbele, tairi begani. Alipoinua macho na kumwona mama mkwe wake, tairi lilimtoka likabingirika mpaka chini. Akageuka haraka, akatupa mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nyumbani hamjambo?"

"Hatujambo, mama."

"Basi karibu chakula."

Akamega tonge. Akalifyonza fupa la sato kwa sauti ambayo nadhani hata Luhaga aliisikia. Machibya akajifunika uso kwa kofia.

Kijana mmoja wa kundi, Venant, ni mtu wa Bukoba. Akaona wenzake wamesimama bure. "Bosi, mimi si mkwe wake," alisema. "Nimtoe?"

"Ukimgusa mama yangu," Machibya akasema bila kugeuka, "mimi nitakugusa wewe."

Kisha Machibya akaanza kuongea na bonde lililokuwa mbele yake. "Mama, kazi nimeshaikubali. Baba mdogo Luhaga nitamwambia nini?"

"Mwambie mama mkwe wako anakula."

Vijana wakaangua kicheko. Mama Mhoja hakucheka. Aliweka bakuli chini, akafuta mkono, akaushika mwamba. Sauti yake ilibadilika.

"Mhoja alipotea akiwa hajajua hata kutaja jina langu. Mvua ilikuwa inanyesha. Nililigonga jiwe hili mpaka viganja vikatoka damu. Watu walikuja kutoka Kisesa, watu ambao sikuwajua. Wakamtoa kwenye majaruba ya mpunga, maji yakiwa shingoni. Jiwe lisingeita, Machibya, wewe leo ungekuwa umemwoa nani? Na unaniletea matairi!"

Machibya aliinama, akaokota gogo lililokuwa karibu na mguu wake, akawaonyesha wenzake kwa kidole njia ya kushuka. Venant naye akabeba lake.

Alipofika kwenye kona ya mwamba akasimama, mgongo bado ametugeuzia.

"Mama, mimi naacha. Lakini baba mdogo atatafuta kundi lingine. Ataleta watu wa mbali, ambao si wakwe zako."

"Awalete," alisema Mama Mhoja, akimega tonge lingine. "Nina mabinti wawili hawajaolewa."

Mpaka leo hakuna kundi lililokuja, na chakula cha mchana bado anakipandisha huko huko juu.