Nilivyowafuta akina Amina Saide wawili, na blog yangu ilivyowarudisha

Wakuu, heshima kwenu nyote. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, na sehemu ya aibu sijaipunguza.

Mimi ni binti wa Mute, huku Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Natunza database ya mradi mmoja unaogawa mbegu kwa wakulima. Nilikuwa na mkataba wa majaribio, kwa hiyo kila mtu ofisini alikuwa bosi wangu, hata mpika chai.

Pembeni naendesha blog ya mambo ya database kwa Kiswahili. Nilichoka kuona vijana wa huku wakihangaika na vitabu vya Kireno.

Wasomaji si wengi ila ni wakorofi. Mkorofi namba moja ni Momade, fundi wa kompyuta, mwenyeji wa Mucojo.

Chefe wangu, yaani bosi halisi, mtu wa kusini anayesema nasi kwa Kireno, aliiona blog ni upuuzi, akaniambia kwa kuniita fundi: "Técnica, hapa tunafanya kazi, hatuandiki hadithi."

Basi, mvua ziko karibu, mgao ni kesho, chefe anaona majina yanajirudia kwenye lista. Akaamini kuna wajanja wamejiandikisha mara mbili. "Limpa isso. Safisha leo leo."

Nikaandika query, yaani amri kwa database: jina sawa, kijiji sawa, tarehe ya kuzaliwa sawa, abaki mmoja. Rahisi, sivyo?

Kabla ya kubonyeza nikakumbuka kitu. Wiki hiyo nilikuwa nimepost kwamba kabla hujafuta chochote, nakili table nzima ya majina. Momade akacomment, "Mwalimu, wewe mwenyewe unafanya hivyo, au unatuhubiria tu?"

Nilimjibu kwa kiburi kwamba nafanya kila siku. Uongo mtupu.

Kwa kumwogopa Momade, wallahi, nikanakili table. Ndipo nikafuta.

Kesho yake tuko kijijini Quionga kwenye mgao, laptop mezani. Karani anaita, "Amina Saide!"

Wakasimama wanawake watatu.

Karani akasema kwenye lista Amina ni mmoja tu, wawili wakae. Mama mmoja mtu mzima akanijia, hana hasira hata kidogo, na hapo ndipo nilipoumia zaidi.

"Mwanangu, mie Amina wa Saide mvuvi. Huyu babake Saide mshonaji. Yule kaolewa huku juzijuzi. Shamba nshalima, leo nkose mbegu kwa ajili ya jina?"

"Mama, na wote mmezaliwa tarehe moja Januari, mwaka mmoja?"

"Sie siku hatuijui. Karani wa vitambulisho ndo katukadiria."

Wakuu, mimi mtoto wa huku huku! Nilijua kuwa asiyejua siku yake huandikiwa tarehe moja Januari. Nilijua jina la pili ni la baba, na akina Saide wamejaa pwani nzima. Mama yangu mzazi ana tarehe hiyo hiyo. Bado nikaandika query kama mgeni.

Nikasimama mbele ya chefe na umati wote. "Hawa si wajanja. Nimewafuta mimi, kosa ni langu. Nipeni dakika kumi."

Nikairudisha ile table niliyoinakili, zikatosha nne. Majina yote yakarudi, akina Amina wakawa watatu tena, na wengine kibao. Yule mama alipotia dole gumba kwenye lista, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga nao.

Chefe akauliza, "Nani alikwambia uweke nakala?"

"Wasomaji wa blog, chefe."

Njiani kurudi ofisini Palma akaifungua blog kwenye simu yake.

Nikakiandika kisa chote kwenye blog, kosa na vyote. Momade alinicheka kwa herufi kubwa tupu. Mkataba wangu sasa ni wa kudumu, na kila Ijumaa nafundisha wenzangu ofisini kwa kutumia "hadithi" zile zile.

Ila kilichoniliza ni comment ya mwisho kwenye post ile, Kiswahili cha kuungaunga, jina la chefe juu yake: "Mimi pia zaliwa 1 Januari. Mama hakujua siku."

Nilichojifunza: andika hadharani unachokijua, ili siku ukitaka kukwepa awepo wa kukuumbua. Na data zikifanana, kamuulize mwenye jina kabla hujamfuta.

Haya, uwanja ni wenu. Wewe tarehe yako ya kuzaliwa ni ya kweli, au ulipewa na karani?