Udongo Nilioufunua Mbele ya Nyumba

Sijui kama jambo hili linafaa kuandikwa. Ni la maua tu, na shule yangu iliishia darasa la saba. Lakini naliandika.

Hapa Kitendaguro, pembeni ya ua wetu, pale kibanja cha migomba kinapoanzia, kuna kipande cha ardhi cha kutandika mikeka miwili. Mama mkwe alikitaka kwa maharage. Mimi nilikitaka kwa petunia. Tukakubaliana nipande maua mvua hizi. Yasipoota, kipande ni chake moja kwa moja.

Mbegu nilinunua duka la pembejeo mjini. Mbegu yenyewe ya petunia ni kama ugoro, ndiyo maana huvikwa udongo mpaka iwe punje ya kushikika kwa vidole. Nikamwonyesha mama mkwe. Akazigeuza kiganjani.

“Waitu!” akashangaa kwa Kihaya. “Hizi ni dawa za minyoo.”

“Ni mbegu, mama. Zimevalishwa.”

“Mbegu inayovaa nguo. Na wewe ukanunua.”

Nikapanda. Kisha mikono ikafanya ilichozoea tangu utoto: nikafunika kwa nyasi na majani makavu ya migomba, matandazo mazito, kama tunavyofunika kibanja chote. Maelezo ya pakiti yalikuwa kwa Kiingereza, sikuyaelewa. Nikangoja. Haikuota hata moja. Mama mkwe akaanza kuchambua maharage ya mbegu barazani, mahali ambapo lazima nimwone.

Aliyenisaidia ni kuku wake. Aliparura matandazo kwenye kona moja akitafuta wadudu, na nilipokuja kumfukuza nikaona, pale palipobaki wazi, vichipukizi vidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Nikainua nyasi za pembeni yake: hakuna kitu. Mbegu hii ilikuwa inataka mwanga.

Nikaanza kuzoa matandazo yote.

“Unafanya nini?” Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu.

“Nafunua.”

“Mwanamke gani wa Kihaya anaacha udongo uchi mbele ya nyumba? Watu wanapita hapa kwenda kanisani. Watasema mke wa mwanangu ni mvivu.”

“Waseme, mama.”

Nilikuwa sijawahi kumjibu hivyo. Nikaendelea kuzoa. Na alikuwa na haki yake: udongo uchi hukauka upesi na mvua huubeba, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Kwa hiyo nikawa nanyunyiza maji asubuhi na jioni kwa tawi la majani, ili lile vazi la mbegu lilainike lisikauke tena. Jumapili watu walipita, wakatazama. Mama mmoja akauliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimepaacha wazi makusudi.

Hazikuota zote. Nyingine zilikuwa zimeshaoza chini ya nyasi zangu. Zilizobaki sasa zina maua, ya zambarau na meupe. Na niseme ukweli wote: msimu huu maharage tunanunua sokoni, kama mama mkwe alivyotabiri.

Jana alikuja akasimama mbele ya maua.

“Hayaliwi,” akasema.

“Hayaliwi, mama.”

“Na mvua zijazo?”

“Mvua zijazo ni maua tena. Na udongo nitauacha wazi.”

Akaniangalia kidogo, akachukua ungo wake wa maharage, akaenda kupanda nyuma ya jiko.