Nati ya Marehemu Ioteba

Kila alasiri, akitoka kazini bandarini, Baraniko alipita kwa Teboua, mjane wa kaka yake Ioteba, akavua shati na kujiingiza chini ya gari la marehemu. Gari lilisimama kando ya nyumba, karibu kabisa na kaburi, nyuma yake ikiwa imeinuliwa kwa magogo ya mnazi. Tangu litolewe baharini, chumvi ilikuwa ikilila polepole.

Paipu ya breki ya gurudumu moja la nyuma ilitoboka zamani. Ioteba hakuibadilisha. Aliikunja kwa plaizi, akaigonga ikajibana, mafuta yasipite. Wengi pale visiwani Tarawa hufanya hivyo. Gari likabaki na breki za magurudumu matatu, likaenda hivyo hivyo, hadi siku ya mvua lilipoteleza kwenye tuta linalounganisha visiwa, likazama naye.

Sasa paipu mpya ilikuwa imefika kutoka Fiji. Ilibaki kufungua nati ya ile ya zamani, iliyoganda ndani ya kiungo cha shaba kinachogawa mafuta ya breki. Gari lile la zamani lilikuwa na njia moja tu ya mafuta: kiungo kikipasuka, breki zote zimekwisha, na kingine mpaka kije na meli. Kwa hiyo Baraniko hakuwa na pupa. Aliilowesha, akaigonga kidogo kidogo, akaikaza kwanza ndipo ailegeze. Nati haikujali. Pembe zake zilikuwa zimelika kwa spana ya Ioteba, na kwenye mkunjo wa paipu alama za plaizi yake zilionekana bado. Kila Baraniko alipopapasa mle, vidole vyake viliangukia palepale vya kaka yake vilipoishia.

"Shemeji," Teboua alimwita kutoka mkekani, "jana nimesikia tena mtu akikanyaga breki. Anapampu, anapampu, halafu kimya."

"Upepo huo."

"Tangu lini upepo una mguu?"

Baraniko akarudia kugonga nati. Hata yeye, akiwa chini mle, alikuwa amewahi kusikia pedeli ikilia juu ya kichwa chake, na kiti kilikuwa kitupu.

Ijumaa akaja Kaitu, baba yao mdogo, nywele zinang'aa mafuta ya nazi.

"We Baraniko! Nati hiyo unaifungua au unaiposa?"

"Imegoma, baba mdogo."

"Basi iache na ugumu wake." Akamgeukia Teboua, sauti ikashuka. "Mkwe wangu, nimekuja na bubuti. Kesho namwoza binti yangu ng'ambo ya tuta. Naomba gari."

Teboua aliinamisha kichwa. Jamaa akishatamka bubuti, ombi la kindugu, hakuna anayemnyima. Anayenyima huacha aibu hata kwa wajukuu.

"Ni lako, baba," alisema.

"Lina breki tatu, baba mdogo," Baraniko alisema.

"Ioteba aliendesha hivyo miaka mingapi?"

"Ndivyo alivyokufa."

"Mvua ndiyo iliyomuua. Teremsha hayo magogo."

Baraniko alimtazama shemeji yake. Teboua alikuwa akimtazama yeye, macho yamemtoka. Baraniko akarudi chini ya gari. Akakamata nati kwa koleo kubwa, akaegemeza mguu kwenye ekseli, akavuta kwa nguvu zote alizokuwa akizizuia kwa majuma. Shaba ililia, ikapasuka. Mafuta yakamtiririkia mkononi hadi kwenye kiwiko.

"Jaribu breki, baba mdogo."

Kaitu aliingia, akakanyaga. Pedeli ikashuka hadi chini, ikabaki huko. Akatoka, akachungulia uvunguni, akaona mchanga uliolowa.

"Umekusudia!"

"Ilikuwa imeganda."

Mzee akafyonza, akaondoka. Kisichokuwepo hakiombwi.

"Na samaki wangu nitawapelekaje sokoni?" Teboua aliuliza.

"Kwa miguu, shemeji. Nitakubebea."

Kesho yake jioni mvua ilinyesha. Baraniko alikwenda akasimama mwanzoni mwa tuta, akisikiliza waliotoka harusini wakirudi kwa miguu, wamelowa, wakiimba. Alikuwa akitafuta sauti moja tu. Aliposikia Kaitu, mzima, akimtukana kwa jina, yeye na mama aliyemzaa, akakaa palepale kwenye tope.