Mistari Yote Ilikuwa Kijani

Kompyuta ya ofisi yetu pale Malaba ilijua rangi moja tu, kijani. Ilinunuliwa ikiwa kuukuu, kwa ajili ya kuchapa karatasi za forodha za malori, na kazi hiyo iliifanya vizuri. Sitaki kuisema vibaya. Mimi ndiye niliyekaa mbele yake, na masomo yangu yaliishia darasa la nane na kozi fupi ya taipu kule Nambale, kwa hiyo nikieleza jambo la kitaalamu hapa, lipokee kwa tahadhari.

Mume wangu wakati huo alikuwa kibarua kwenye mradi wa visima wa kanisa. Mpimaji wa mradi alikuwa amepita na kile kidude cha mkononi kinachosoma setilaiti, akachagua mahali pa kuchimba. Mwanzoni alipigilia vyuma ardhini. Watu wakaving'oa, wengine wakiogopa kwamba shamba linachukuliwa, wengine kwa sababu chuma kina kazi nyumbani. Ndipo akaanza kufukia chupa, moja kila mahali, na kuziweka kama nukta kwenye programu ya ramani. Kisha mkataba wake ukaisha, akaenda zake, na kompyuta ya mradi ikanyeshewa ikafa. Kilichobaki ni disketi na kidude, na mtambo wa kuchimba ulikuwa njiani.

Bosi wangu, mzee wa kanisa hilohilo, akasema watu wa mradi waje watumie yetu. Akaongeza, bila ukali, kwamba ikiharibika malori yote pale nje yatakwama, na madereva watamtafuta yeye kwanza, halafu mimi.

Programu ile ilitengenezewa kompyuta mpya, zenye rangi na kipanya. Yetu haikuwa na hata kimoja. Nilipoingiza disketi mashine ikakoroma, skrini ikawa nyeusi tii. Madereva walikuwa wamejaa dirishani. Taniboi mmoja, msaidizi wa dereva wa lori, akaniuliza, "Mama, sinema inaanza saa ngapi?" Wenzake wakacheka. Nikaizima, nikaiwasha, nikajaribu tena na tena, mpaka ramani ikajitokeza, mistari kijani, nukta kijani. Niliisogeza kwa vitufe vya mishale, polepole kama mtu anayesukuma baiskeli kwenye tope.

Nukta nyingi hazikunisumbua. Ya mwisho ilikuwa karibu na mstari mmoja mrefu, upande wa pili wake. Siku hizo kidude kile kiliweza kukosea kwa urefu wa uwanja wa mpira, kwa hiyo nambari peke yake hazikutosha, ilibidi mtu aambiwe atafute upande gani wa nini. Nikamwambia mume wangu: nambari za kidude zikilingana na hizi za ramani, vuka barabara, chupa iko ng'ambo. Akavaa kidude shingoni, akachukua jembe, akaondoka.

Nilikuwa natafuta jinsi ya kuifunga ile programu nikabonyeza kitufe nisichokijua. Barabara zote zikafutika. Mstari ule mrefu haukufutika. Nikautazama vizuri. Ulijipinda na kujipinda, na sisi hatuna barabara inayokwenda hivyo. Ulikuwa mto. Na mto ule ndio mpaka; kisima chetu hakingeweza kuwa ng'ambo yake, huenda kidude kilikosea kikairusha nukta.

Miaka ile askari walikuwa macho pande zote mbili, kwani kulisemwa kuna waasi wanaovuka. Akina mama walivuka kila siku na ndizi vichwani na hakuna aliyewauliza. Lakini mwanamume mwenye kidude cha setilaiti shingoni, anayechimba ukingoni mwa nchi ya wenyewe, angeelezaje? Nikamkimbilia msimamizi wa mradi. Akasema mume wangu si mtoto, anajua mto na anajua barabara. Lilikuwa jibu la haki. Ila mimi nilimjua: nikishamsomea kitu, hakisahihishi kwa macho yake.

Nilipanda boda boda, baiskeli ikanifikisha mwisho wa njia, nikaingia kwa miguu katikati ya mtama. Nilipotokea mtoni nikamwona. Alikuwa ng'ambo, suruali imelowa mpaka kiunoni, ameinama anachimba.

Nikataka kuita, nikajizuia. Nikiita, nani mwingine atasikia? Nikampungia mkono arudi. Akainuka, akanipungia na yeye, akaendelea kuchimba. Bado sijui kama nilifanya sawa. Niliingia majini na viatu vyangu vya ofisi.

Nilipomfikia, askari alikuwa ameshatoka kwenye vichaka. Bunduki alikuwa ameielekeza chini, hilo niliseme.

"Nyabo," akaniambia, yaani mama kwa lugha yake, "nyinyi nachimba nini hapa?"

Mume wangu akajibu kwamba tunatafuta maji.

Askari akautazama mto, akatutazama sisi. "Na hii ni nini?"

Hakucheka, na sisi hatukucheka. Akakichukua kidude, akakigeuza, akakiweka sikioni kama redio. Akauliza nani ametutuma. Nikaona mume wangu anafungua mdomo, nikajua atasema amepotea mwenyewe, na mtu aliyepotea na kitu kama kile wangemchukua. Nikamtangulia.

"Ni mimi, afande. Nilisoma ramani vibaya kwenye kompyuta. Kazi yake iko upande ule."

Askari akamgeukia. "Na wewe hukuona mto?"

"Niliuona, afande. Lakini huyu ndiye alisoma."

Askari akakigeuza kidude tena mkononi. Nilitazama vidole vyake tu. Mwishowe akasema turudi, kidude kinabaki. Hakutugusa, na mradi ulipokwenda na barua kupitia njia halali ulikipata kikiwa kizima. Lakini haya niliyajua baadaye. Pale tulichojua ni kwamba tunampa mgongo mtu mwenye bunduki.

Tukaingia majini, mimi mbele. Nilikuwa nasubiri mlio, na kila jiwe lililoteleza chini ya mguu nilidhani ndio wenyewe. Nikamwambia mume wangu asigeuke. Akanishika nguo kwa nyuma. Tulipofika katikati akaniuliza kwa sauti ya chini, sasa chupa iko upande gani.

Nikamwambia sijui, atembee tu.