Mapacha Hawapewi Kimoja

Juzi niliingia kiduka kimoja cha mtaa wa Kanyenye kununua betri za tochi, na muuzaji alipovuta boksi la chini ya kaunta, harufu ya mshipi mpya ikanipanda puani. Kama umewahi kununua mshipi wa kuvulia samaki kwenye maduka yetu, unaijua: ni nailoni na mafuta ya taa kwa pamoja, maana vitu hivyo vimekaa jirani tangu nipate akili. Betri nikazisahau palepale. Nikawa tena na miaka tisa, nimevaa shati la kiume lisilo na kifungo cha juu, na roho inaniuma kwa wivu.

Niwaeleze kwanza jina langu. Mimi ni Shija. Kwetu Wanyamwezi, pacha anayetangulia huitwa Kulwa, anayemfuata Doto, na mtoto anayezaliwa baada yao ni Shija, awe wa kike au wa kiume. Basi hata jina langu lilikuwa mkia wa majina ya kaka zangu. Watu wa Mtendeni, mtaa wetu, wakikutana nami njiani hawakuniuliza habari za shule. Waliniuliza, "Shija, mapacha wako wapi?"

Na mapacha hawapewi kimoja. Ukimpa Kulwa muwa, Doto naye apate muwa, tena wa urefu uleule, la sivyo mmoja wao ataugua. Bibi zetu walisema hivyo na hakuna aliyethubutu kujaribu. Shati likinunuliwa jekundu, yananunuliwa mawili mekundu, na yakichakaa yote mawili yanakuja kwangu. Ndiyo maana nilikuwa na nguo nyingi kuliko watoto wote wa mtaa wetu, na hakuna hata moja iliyonunuliwa kwa ajili yangu.

Sote watatu tulikuwa wagonjwa wa kuvua. Jumamosi tulikwenda bwawani kutafuta perege, lakini kabla ya bwawa kulikuwa na duka la Bi Mwajuma, na mimi, kusema kweli, nililipenda duka kuliko bwawa. Ndoana zake alizichomeka kwenye soli ya ndala kuukuu, kubwa za kambale upande wa kisigino, ndogo za perege upande wa vidole. Mshipi aliuuza kwa pima, na pima yenyewe ilikuwa mikono ya mnunuzi. Unaitanua, yeye anavuta uzi kutoka kidole hadi kidole, anakata. Mapacha walikuwa na mikono kama ya korongo. Mimi nilijinyoosha mpaka mabega yakalia, na bado nilitoka na kipande cha kufungia mbuzi.

"Kila mtu na mkono wake, mama," Bi Mwajuma aliniambia, huku akiwaongezea mapacha kidude cha risasi cha kuzamishia mshipi kila mmoja, bure, kwa sababu ya upacha wao.

Niliwaonea wivu jamani, sifichi. Niliomba Mungu wajikwae. Mimi nilivulia ndoana walizozichoka wao, zilizopinda na kuota kutu, na nilichotaka duniani kilikuwa kimoja tu: ndoana yangu mwenyewe, ambayo Kulwa hana na Doto hana.

Siku moja mama alinituma chumvi kwa Bi Mwajuma, peke yangu. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia marahaba, kisha akatoa kikaratasi cha gazeti na kukifungua taratibu. Ndani mlikuwa na ndoana mbili ndogo zilizovaa manyoya. Nasema zilivaa kwa sababu ndivyo zilivyokuwa: unyoya wa kahawia mgongoni, uzi mwekundu kiunoni, kamkia kanang'aa. Kulikuwa na mgeni mmoja aliyepita kwenda Kigoma, akanunua mshipi pale, akamwachia hizo kama zawadi. Alimweleza kuwa kwao samaki hapewi mnyoo, anadanganywa kwa nzi wa manyoya anayeelea juu ya maji.

"Wapelekee mapacha," alisema Bi Mwajuma. "Ziko mbili, kama wao."

Hakusema, "Na wewe Shija nitakutafutia." Angesema hata kwa uongo, pengine nisingefanya nilichofanya. Nilipofika nyuma ya ukuta wa jirani nilichomoa ndoana moja, nikaichomeka kwenye upindo wa shati, nikafunga karatasi vilevile. Sikuwa mwizi wa kutaka mali tu. Nilitaka niwaone wakigombana. Nilitaka kwa mara ya kwanza kitu kiwe kimoja, nao wawe wawili.

Walikuwa uani wakimenya karanga. Kulwa akafungua karatasi, akaitazama ndoana, akamtazama Doto. Doto akanitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Moja?" aliuliza.

"Ndiyo aliyonipa."

Nikasubiri ngumi. Badala yake Kulwa aliinyoosha ndoana kwangu, kana kwamba ananirudishia chenji. "Sisi hatuchukui kimoja. Chukua wewe, Shija."

Hivyo ndivyo nilivyopata ndoana mbili za manyoya, moja ya kupewa na moja ya kuiba, na sijawahi kuwa tajiri mwenye huzuni namna ile. Ile ya kupewa niliifunga kwenye kamshipi kangu Jumamosi iliyofuata, nikairusha mara moja, ikanasa kwenye matete na kukatika. Kaka zangu waliingia majini hadi kifuani kunitafutia, wasiione. Ile ya kuiba sikuweza kuitoa, ningesema nimeipata wapi? Nilikuwa nimesikia kuwa siku za mwizi ni arobaini, nikazihesabu kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni. Ya arobaini na moja ilipofika sijakamatwa, nilidhani nimeshinda.

Mwaka jana nilikwenda Ipole kwa Doto, ambaye siku hizi anafuga nyuki. Kulwa yeye yuko Mwanza. Nilikuwa nimeifunga ile ndoana kwenye leso. Manyoya yameliwa na wadudu, uzi mwekundu umepauka. Nikamweleza yote, mtu mzima mimi.

Doto akacheka mpaka akakohoa. "Tulijua. Bi Mwajuma alituita kesho yake kutuuliza kama tumezipenda zote mbili."

"Na hamkusema?"

"Tungesema, mama angekuchapa, halafu tungepewa moja moja, kama kila siku." Akafuta asali kidoleni. "Wewe hujui, Shija. Mimi nilikuwa nakuonea wivu wewe. Kitu chako, hata kikuukuu, kilikuwa chako peke yako. Mimi sijawahi kupendelewa hata siku moja. Nikipewa pipi, ilikuwa ni ili Kulwa asiugue."

Miaka yote ile niliwahesabia walivyopewa, na sikuona kuwa hakuna aliyewahi kumpa Doto kitu kwa sababu ni Doto. Nikamnyooshea ndoana. "Ichukue basi. Ilikuwa yako tangu mwanzo."

Mkono wake ulikuja nusu ya njia, ukasimama. Mwanamume mwenye mvi ndevuni.

"Na ya Kulwa?"

"Ya Kulwa ndiyo iliyobaki kwenye matete."

"Basi siwezi," alisema, akanikunjia vidole juu ya ndoana, polepole, asinichome.

Ndiyo maana juzi pale Kanyenye niliinama muda mrefu juu ya lile boksi mpaka muuzaji akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Nikamwambia anipe ndoana za perege, saizi moja zote. Akauliza ngapi.

Nikamwambia tatu.