Redio ya kampuni ya saa iliyompa marehemu jina la kejeli

Wakuu, ejok, hamjambo! Hii haina chumvi. Anayebisha aje Lodwar aione redio yenyewe.

Mimi shule niliiacha mapema, na tangu hapo sijatulia. Nimepakua samaki Lowarengak, nimeuza mitumba Kakuma. Sasa nimepanga chumba Kanamkemer, hapa Lodwar, kwa mjane mmoja, Mama Akiru.

Mama ana redio ndogo ya transista, ya marehemu mumewe. Imeandikwa jina la kampuni ambayo sisi wote tunaijua kwa saa za mkononi. Silitaji, nisionekane natangaza biashara.

Shida ilianzia kwenye jina hilo.

Kwa Waturkana, mwanamume huitwa kwa maksai wake anayempenda. Marehemu aliitwa Apalomeri kwa sababu maksai wake alikuwa wa madoadoa. Ujanani akamtoa maksai huyo kwa mchuuzi, akapewa redio.

Watu walishtuka. Halafu aliyejua kusoma akasoma.

"Hii ni kampuni ya saa! Umepewa feki!"

Wakaanza kumwita Apasaa, yaani baba wa saa. Amezikwa akiitwa hivyo.

Juzi mdogo wa marehemu, Mzee Ekidor, alikuja na kugongagonga saa iliyo mkononi mwake. "Kitu ya hii kampuni ni hii. Hiyo takataka ya Apasaa, Jumapili nakuja kupea watu wa chuma chakavu."

Mama aliifuta redio vumbi kwa leso yake.

Nikamwomba anikabidhi redio hadi hiyo Jumapili.

Nilianza kwa kupekua mtandao. Wakuu, nilizama! Kumbe kampuni kadhaa za saa hazikuishia kwenye saa. Kuna zilizounda redio, kuna zilizounda kalkuleta, hata vinanda vya umeme. Kwa nini hakuna aliyewahi kutuambia?

Lakini picha ya simu haiwezi kumshinda Mzee Ekidor. Nikapanda gari kwenda Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa Papa Dédé, fundi saa Mkongomani. Nilipomuuliza kama watu wa saa wanaweza kuunda redio, alicheka hadi lenzi ikamdondoka jichoni.

"Weye! Mwenye anatengeneza hii ya kidogo, redio itamushinda?"

Akaifungua. Ndani kulikuwa na chapa ya kampuni, imegongwa kwenye bati. Akakwangua kutu pale betri zinapokaa, redio ikakohoa, kisha ikaongea. Niliruka kama mwendawazimu.

Jumapili Mzee Ekidor alifika, na majirani nyuma yake, wamekuja kucheka. Nikamwonyesha ile chapa.

"Mtu anaweza gonga chapa yoyote," akasema.

"Vua saa yako, shemeji," Mama akamwambia. "Geuza."

Mzee akavua. Akaweka mgongo wa saa karibu na lile bati. Akaitisha tochi, na jua lilikuwa linawaka! Chapa ilikuwa ile ile, hadi kimstari chake cha chini.

"Ama na yako pia ni feki?" Mama akauliza. Majirani wakaangua kicheko, safari hii si kwa marehemu.

Mzee akasafisha koo. "Ndugu yangu Apalomeri hakudanganywa."

"Sema kwa nguvu. Huko nyuma hawajasikia," Mama akasema.

Akasema tena, kwa nguvu.

Nimefanya kazi nyingi, wakuu, lakini sijawahi kutembea Kanamkemer kifua mbele kama siku hiyo.

Nilichojifunza: usiite kitu feki kwa sababu tu wewe hukijui. Uliza, fungua, angalia ndani.

Haya, nani mwingine ana redio au kalkuleta ya kampuni ya saa hapo nyumbani? Wekeni picha, na mtuambie mzee aliipataje.