Kapu la Gerson

Gerson alikuwa fundi wa kompyuta wa aina inayoniudhi: mtu wa mpangilio. Miaka miwili tulikaa meza zinazotazamana katika kampuni ndogo ya kutengeneza programu, mtaa wa Kisasa hapa Dodoma. Wote wawili tulikuwa wa mikataba ya miezi mitatu mitatu, na nafasi ya kudumu ilikuwa moja tu. Mkurugenzi wetu, Mama Paulina, alishatuambia wazi kwamba mwisho wa mwezi wa pili mmoja anabaki na mwingine anakwenda. Niliitaka nafasi ile mpaka nikakosa hamu ya kula.

Kazi yetu kubwa inafanyika kwenye dirisha jeusi lisilo na picha. Unaandika amri kwa herufi, kompyuta inatii. Wengi wetu tunalitumia kama lilivyokuja. Gerson alikuwa na mafaili yake ya mipangilio, yaani maandishi yanayoiambia kompyuta mwenyewe anapenda nini: amri ndefu ifupishwe vipi, rangi ipi ioneshe kosa, njia ipi iende kwenye seva. Aliyaanza mwaka wa kwanza chuoni, na sasa yalikuwa na umri wa miaka tisa. Juu ya kila mstari aliandika tarehe na sababu. "Machi 12. Nimechoka kukosea jina la seva." "Juni 30. Mama amelazwa Kondoa, mtandao dhaifu, punguza mizigo." Jioni hakuondoka kabla hajayapitia, huku anaongeza mstari, kule anatoa. Wenzake walikuwa na wachumba, yeye alikuwa na hayo.

Yeye ni Msandawe wa Chemba, mimi Mgogo wa Bahi, na tangu siku ya kwanza tuliitana watani. Mtani hakasirikiwi, hiyo inajulikana. Nilimwigiza mbele ya wageni jinsi anavyogonga ulimi akiongea Kisandawe na mama yake kwa simu, akacheka. Nilimwambia mteja kwamba Gerson anakula panya, akacheka tena, akaniletea asali ya kwao. Hakuna kinachochosha kama mtu asiyekasirika.

Ndani ya mafaili hayo kulikuwa na mstari mmoja alioujivunia kuliko yote. Kwenye dirisha jeusi, ukitoa amri ya kufuta, kitu kimekwenda. Huulizwi, na hakirudi. Mstari wa Gerson uliigeuza amri hiyo. Kila alichofuta kilihamia kwenye folda aliyoiita Kapu, kikakaa humo siku thelathini. Basi akajenga tabia ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Sisi tunafuta vilivyo vibovu, tunabakiza vilivyo vizuri. Yeye alifuta vyote kwa mkupuo, kisha akaingia kwenye Kapu na kurudisha vilivyo vizuri kimoja kimoja, kama mtu anayemwaga mchele wote kwenye ungo ndipo achambue.

"Mtani, siku hilo kapu likitoboka utalia," nilimwambia.

"Halitoboki. Nimelisuka mwenyewe."

Januari hii alipelekwa Bahi kupima mashamba ya mpunga. Wiki tano alitembea kwenye matope na simu mkononi, akapima mashamba elfu moja mia moja na arobaini, likiwemo la baba yangu, na kila jioni akavihamishia vipimo kwenye kompyuta yake na kuvifuta simuni. Mteja alikuwa na sharti kali: chochote cha kazi ile kisitoke nje ya kompyuta ya Gerson, wala kwenda mtandaoni, mpaka kisafishwe, yaani vipimo vibovu viondolewe. Gerson alitii kila kitu alichoambiwa. Alirudi Jumatano usiku. Alhamisi asafishe, Ijumaa Mama Paulina akabidhi. Ofisi nzima ilishaanza kumpongeza.

Alhamisi saa saba mchana alikwenda kula kwa mama lishe, akaiacha kompyuta wazi. Alikuwa akiiacha wazi kila siku, kwa sababu nilikuwepo mimi.

Nikazunguka meza. Nikayafungua mafaili yake na kuanza kuutafuta ule mstari. Njiani nikakuta mwingine wenye jina langu: "Nakala ya haya yote ya kumwachia Zipora, ikiwa nafasi itakuwa yake." Niliusoma mara moja, nikaupita. Nilipoufikia mstari wa Kapu nikaweka mwanzoni mwake alama ya reli, ile tunayomalizia nayo namba za kutuma pesa. Mstari wenye reli mwanzoni kompyuta inauruka, haiufuati. Nikafunga dirisha lake jeusi, nikafungua jipya ili badiliko lishike, nikarudi kwenye kiti changu. Nilijiambia ni utani. Nilijidanganya, na nilijua najidanganya, maana nilijua vizuri anakuja kusafisha nini.

"Umeshiba, mtani?"

"Mlenda wa leo ungekufaa. Ungekuja," alisema, akakaa.

Nilisikia vidole vyake, vifupi na vya haraka. Akafuta vyote. Akafungua Kapu. Tupu. Akafungua tena. Akaangalia folda ya mashamba, akarudi kwenye Kapu, akagonga ulimi kwa neno la kwao ambalo sikulijua, na jasho likamtoka usoni. Kuhangaika kwake kulichukua saa nzima na hakukuzaa kitu. Mimi nilikuwa naandika barua pepe, na nakiri kwamba moyo wangu ulikuwa unacheza kwa furaha.

Mwisho akaiona ile reli. Akaangalia faili limebadilishwa saa ngapi.

"Zipora," akasema. Hakuwahi kuniita kwa jina. "Saa saba na dakika kumi na mbili nilikuwa kwa mama lishe."

"Mtani, utani mwingine haufai," nikamjibu. "Unanitisha."

Mama Paulina alituita wote wawili. Gerson alisimama, akaeleza taratibu, kuanzia Kapu mpaka ile saa ya kubadilishwa kwa faili. Mama alimsikiliza akiwa ameshika kichwa.

"Nani alikuwa ofisini saa hiyo?"

"Zipora, mama."

Akanigeukia. "Ulimwona mtu akigusa kompyuta ya Gerson?"

"Sikumwona mtu, mama," nikasema, na ilikuwa kweli tupu.

"Gerson, kila jioni ni wewe unayeyachokonoa hayo mafaili. Sisi wengine hata kuyasoma hatuwezi. Nimlaumu nani?"

Gerson alinitazama. Alikuwa ananipa nafasi niseme mwenyewe, tena bila hasira, jinsi alivyozoea. Nikatazama ukutani. Wiki ile mvua zilikuwa zimeshafunika mashamba ya Bahi na hakuna aliyeweza kupima tena mpaka mavuno. Mteja akavunja mkataba. Gerson akapewa siku tatu aondoke, na mimi nikapewa barua ya ajira ya kudumu, nikampigia baba simu akashangilia, mzee wa watu.

Kazi yangu ya kwanza katika cheo kipya ilikuwa kumsimamia Gerson akikabidhi kompyuta. Mama Paulina, aliyekuwa bado na hasira, alisema kila kilichoandikwa mle ni cha kampuni, kifutwe, na flashi aliyofunga kwenye funguo zake ifutwe pia. Flashi aliitoa bila ubishi, ikafutwa. Ilipofika zamu ya mafaili yake ya mipangilio, akasimama.

"Haya naomba nibaki nayo. Hamna siri ya mteja humu. Ni vifupisho vyangu tu, tangu chuo. Huko ninakokwenda nitaanza na nini?"

Mama Paulina alikuwa ametoka na asingerudi kukagua. Ningeweza kutazama pembeni dakika moja tu.

"Agizo ni agizo, mtani."

Akaandika amri ya kufuta, herufi moja moja. Wala Kapu halikuwepo tena la kudaka chochote. Alipofika kwenye kitufe cha mwisho mikono ikamshinda, akaiweka mapajani.

"Siwezi. Bonyeza wewe."

Akanigeukia akaningoja. Nadhani mpaka dakika ile alitegemea nicheke, nimpige begani, nimwambie yote ulikuwa utani. Nikapitisha mkono mbele ya uso wake, nikabonyeza.